Umeme wa Samaki na Magoti ya Wazee

Ndugu msikilizaji, yuko kambare mmoja katika Ziwa Tanganyika ambaye hashikwi ovyo. Ni mnene, hana magamba, hana pezi kubwa la mgongoni, midomo yake imevimba kama ya mtu aliyeng'atwa na nyuki, na akiingia wavuni mvuvi mgeni humdharau. Basi na amguse! Mkono hurushwa, kiwiko hufa ganzi, na wenzake mtumbwini huangua kicheko. Nimeyaona hayo kwa macho yangu ufukweni Kabwe, wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Nasema Rukwa kwa makusudi, maana wako watakaodhani nazungumzia Kabwe ya Zambia, ule mji wa machimbo ya risasi. Hii yetu ni ya dagaa na migebuka.

Kambare huyo wa Tanganyika alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 2000 tu, ingawa wavuvi walikuwa wakimjua tangu mababu. Jamaa zake wamo katika Mto Nile, Kongo, Niger na Senegal, na wakubwa miongoni mwao wanaweza kutoa umeme wa volti 300 na zaidi. Sasa sikiliza jambo la ajabu: kiungo kinachotoa umeme huo, kinachomzunguka mwili mzima chini ya ngozi, asili yake ni msuli. Ni nyama iliyoacha kazi ya kuvuta na kusukuma, ikashika kazi ya kutoa umeme.

Nimeanza na samaki kwa sababu juma lililopita nilipata barua kutoka huko huko Kabwe. Mwandishi wake ni kijana mvuvi. Ameandika hivi: "Shikamoo mzee. Baba yangu ana miaka 74. Alilala kitandani majuma sita kwa kichomi. Kichomi kimepona lakini hawezi kuinuka bila kushikwa, mapaja yamekwisha. Kuna mfanyabiashara mjini ana mashine ya betri yenye waya na vibandiko. Anasema ukimfunga mzee mapajani nusu saa kila siku, misuli inarudi hata akiwa amelala. Bei yake ni sawa na nyavu zetu zote. Je, niuze nyavu?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zito kuliko unavyodhani, na lina historia ndefu. Naomba nikupitishe humo kwanza, kwa maana yule mfanyabiashara si wa kwanza kusimama sokoni na maneno hayo.

Katika kaburi la mkuu mmoja wa Misri aitwaye Ti, pale Saqqara, kuna ukuta uliochorwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Chini ya mashua, kati ya samaki wengine, yumo kambare wa umeme. Wako waandishi wanaosema kwamba picha hiyo ni ushahidi kuwa Wamisri walimtumia kama dawa. Mimi sioni dawa pale, naona uvuvi. Waarabu wa Misri baadaye walimwita samaki huyo raad, yaani mtetemeshaji, neno la shina moja na lile lililotupa sisi radi. Tabibu Abdul-Latif wa Baghdad, aliyekaa Misri miaka ya 1200 ilipokuwa ikiingia, aliandika kwamba wavuvi humhisi hata kupitia wavuni, na kwamba akifa nguvu zake hukoma.

Dawa yenyewe tunaikuta kwa Warumi. Mnamo mwaka 47 hivi, tabibu Scribonius Largus alitunga kitabu cha dawa, na ndani yake akaweka tiba ya jongo: mgonjwa asimame ufukweni penye maji, amkanyage taa mwenye umeme akiwa hai, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Anamtaja mtumishi mmoja wa Kaisari Tiberio, jina lake Anteros, kuwa alipona kwa njia hiyo. Kwa kuumwa kichwa, samaki huyo huyo aliwekwa penye maumivu. Galen, tabibu mashuhuri wa karne iliyofuata, alijaribu kwa samaki aliyekufa akaona hakuna kitu, akajaribu kwa aliye hai akaona ganzi inakuja. Angalia vizuri, lakini. Hawa wote walikuwa wakitibu maumivu. Hakuna aliyesema mguu dhaifu utapata nguvu.

Habari ya nguvu ilikuja baadaye sana, pale watu walipojifunza kuutia umeme chupani. Mwaka 1745 na 1746, huko Ujerumani na katika mji wa Leiden, Uholanzi, iligunduliwa kwamba chupa ya kioo yenye maji na msumari inaweza kuhifadhi umeme na kuutoa kwa kishindo. Haikupita miaka mingi, Mfaransa Michel Adanson, aliyekuwa Senegal akichunguza mimea na wanyama, akaandika mwaka 1757 kwamba kishindo cha kambare wa mto ule hakina tofauti na cha chupa ya Leiden. Kwa hiyo ni katika mto wa Afrika ambapo mtaalamu wa Ulaya alipambanua kwamba samaki na chupa ni ndugu.

Wakati huo huo matabibu wa Ulaya walishavamia chupa hizo. Mjini Geneva, Jean Jallabert alimtibu fundi makufuli aliyepooza mkono miaka mingi baada ya kupigwa na nyundo. Alimpa mishtuko kwa majuma kadhaa, akaona misuli ikirukaruka yenyewe, na katika kitabu chake cha 1748 akatangaza kwamba mkono ulianza kusogea na nyama ikarudi. Habari hizo zilienea mbio. Paris, Nollet akajaribu kwa askari waliopooza, akatoka mikono mitupu.

Mtu ninayetaka tumsikilize kwa makini zaidi ni Benjamin Franklin, Mmarekani yule wa tiara na radi. Waliopooza walipelekwa kwake kutoka sehemu mbalimbali za Pennsylvania. Yeye aliwakalisha kitini, akawapiga mishtuko ya magudulia makubwa ya umeme katika kiungo kilicholegea, kila siku mara kadhaa. Desemba 1757 alimwandikia Dakta John Pringle matokeo. Mtu ambaye siku ya kwanza hakuweza kuuinua mkono kutoka gotini, siku ya pili aliuinua inchi chache, siku ya tatu zaidi, na siku ya tano aliweza kuivua kofia yake, ingawa kwa ulegevu. Wagonjwa walifurahi mno. Lakini baada ya siku ya tano Franklin hakuona nyongeza tena. Wagonjwa walikata tamaa, wakarudi makwao, na baada ya muda wakawa kama mwanzo.

Mfanyabiashara angeishia kwenye ile kofia. Franklin hakuishia hapo. Alijiuliza kama yale mafanikio ya siku chache yalitokana na umeme, au yalitokana na mazoezi ya safari na kule kwenda nyumbani kwake kila siku, au na moyo wanaoupata watu wakiwa na matumaini ya kupona. Ndugu msikilizaji, swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 260, na nadhani ndilo swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa juu ya mashine hizi.

Nitapita haraka karne iliyofuata. Galvani wa Bologna alichapisha mwaka 1791 habari za miguu ya chura inayorukaruka ikiguswa na metali. Volta akabishana naye, na katika kubishana huko akaunda mwaka 1800 rundo la visahani vya metali na vitambaa vilivyoloweshwa. Alilifananisha rundo lake na kiungo cha yule taa wa umeme. Hilo ndilo babu wa betri zote, pamoja na hizo zilizomo ndani ya redio unayonisikilizia, kama hukuiunga ukutani. Mfaransa Duchenne, katika kitabu chake cha 1855, akaonyesha namna ya kuuamsha msuli mmoja mmoja kwa kuweka vidude viwili vilivyoloweshwa juu ya ngozi. Vibandiko vya mashine ya mjini vinatoka katika mkono wa Duchenne.

Baada ya wataalamu walikuja wachuuzi, kama kawaida. Mwaka 1902 katalogi ya kampuni ya Sears, Marekani, iliwauzia watu kwa posta mkanda wa umeme uitwao Heidelberg, uliodaiwa kurudisha nguvu kwa wanaume waliochoka. Miaka 100 baadaye, Mei 2002, serikali ya Marekani iliwafikisha mahakamani wauzaji wa mikanda ya umeme ya tumbo waliokuwa wakiwaambia watu kwamba tumbo litakazika bila jasho. Ahadi ni ile ile na mkanda ni ule ule, isipokuwa betri imekuwa ndogo.

Je, basi ni uongo mtupu? La hasha. Hapa lazima niwe mwadilifu.

Ukitia umeme mdogo wa kupigapiga juu ya paja, mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye msuli unaamka, na msuli unajikaza kweli kweli. Miaka ya 1970 Mrusi Yakov Kots aliwashangaza watu wa michezo kwa madai kwamba wanariadha wake waliongeza nguvu nyingi kwa njia hiyo. Mwaka 1961 Vladimir Liberson alikuwa tayari ameonyesha kifaa cha kumsaidia mtu aliyepata kiharusi, ambaye unyayo wake unaburuta, auinue kila anapopiga hatua. Kwa wazee hasa, watafiti wa Vienna na Padova walichapisha mwaka 2014 habari za wazee wasio na mazoea ya mazoezi ambao mapaja yao yalichochewa kwa umeme kwa majuma tisa: nguvu iliongezeka, na mwendo ukawa mwepesi zaidi. Mwaka 2016 wataalamu waliojumlisha tafiti 18 zenye wagonjwa 933 wa mapafu, moyo na saratani, walioishiwa nguvu kabisa, waliona kwamba umeme huongeza nguvu ya paja kiasi. Wenyewe walisema ushahidi si imara sana, nami nawaheshimu kwa kusema hivyo.

Kwa hiyo mashine inao watu wake. Ni yule asiyeweza kabisa kuukaza msuli kwa hiari yake: aliye mahututi, aliyepooza upande, ambaye mapafu au moyo haumruhusu hata kusimama. Kwa hao, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia, umeme unashika nafasi mpaka mwili utakapoweza wenyewe. Jambo hili linatuhusu sana sisi wa mijini. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulikuta kiharusi kipya kwa watu 108.6 katika kila 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, lakini Dar es Salaam 315.9. Karibu mara tatu! Katika kila mtaa wa jiji lile kuna mzee anayeburuta mguu, na mlango wa pili kuna mtu wa kumuuzia mkanda.

Lakini baba yako, mwanangu, hakupooza. Alilala. Na kulala peke yake ni ugonjwa. Mwaka 2007 ilichapishwa habari ya wazee wenye afya njema waliojitolea kulala kitandani siku 10 tu, bila homa wala kikohozi. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Siku 10! Wewe umesema majuma sita, tena ya kichomi. Kupungua huko kwa misuli ya uzeeni kulipewa jina la sarkopenia mwaka 1989, maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama. Jina jipya kwa jambo ambalo kila bibi anayeshindwa kuinuka kigodani analijua.

Sasa dawa. Mwaka 1990, huko Boston, watafiti waliwachukua wazee 10 dhaifu kutoka nyumba ya kulelea wazee, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, wakawafundisha kuinua uzito kwa miguu yao kwa majuma nane. Tisa walimaliza. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya mwanzo. Hawakuwa vijana, hawakuwa na mkanda. Walikuwa na uzito wa kusukuma na mtu wa kuwasimamia.

Kwa nini kazi ya hiari inaishinda mashine? Unapoamua kusimama, amri inatoka kichwani, inashuka uti wa mgongo, inagawanywa kwa zamu kati ya nyuzi za msuli, hizi zikichoka zile zinapokea, na wakati huo huo nyayo, macho na masikio yanapima usije ukaanguka. Umeme wa kibandiko haujui zamu. Unaamsha nyuzi zilizo karibu na ngozi, zote kwa pamoja, zile zile kila mara, ndiyo maana msuli huchoka upesi. Tena haukufundishi kusimama imara. Paja linaweza kurukaruka nusu saa, na mzee bado akaanguka anapokwenda msalani.

Nakumbuka siku zile meli ya Liemba ilipokuwa ikifanya safari zake. Vituo vingi vya mwambao wetu havikuwa na gati. Meli ilitia nanga kule nje, mitumbwi ikaizingira, na abiria wakapandia ubavuni. Niliwaona wazee wa miaka zaidi ya 70 wakishika ukingo na kujivuta juu huku mawimbi yakicheza, mjukuu akisukuma kwa chini. Wala hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa wamevuta nyavu, wamepanda milima ya kutoka ziwani, lililo mita 770 hivi juu ya bahari, hadi uwanda wa Ufipa ulio karibu mita 1,800. Mwili uliopewa mzigo kila siku ulibaki na kumbukumbu ya mzigo. Siku hizi Kabwe imejengewa gati, na nashukuru sana, kwa kuwa ile ilikuwa hatari. Sitamwambia mzee yeyote arudi kupandia ubavuni.

Nyavu usiuze. Nasema hivyo bila kusita, na sababu yangu haimo katika mashine peke yake. Msuli unajengwa kwa kazi na kwa chakula, na chakula chenyewe ni dagaa, migebuka, maharage, maziwa yakipatikana. Wazee wengi hula ugali kidogo na mchuzi, wakisema nyama ni ya watoto. Ukiuza wavu upate waya, umemnyang'anya baba kitoweo ili umnunulie mtetemo.

Kwanza mpeleke hospitali, si kwa mashine bali apimwe: moyo, mapafu, damu, sukari, na kama mguu mmoja umelegea zaidi ya mwingine. Ikionekana kuna kiharusi kilichojificha, omba apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, hata kama ni mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa Sumbawanga. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa gharama kwa wazee wasiojiweza ni jambo la kuulizia dirishani bila aibu. Yule mtaalamu akisema umeme unahitajika, utafanywa kwa mashine yake na kwa mkono wake.

Na kama kuna jirani ambaye tayari amekwisha kununua, mwambie haya. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asiiguse. Mwenye kifafa, mwenye mguu uliovimba ghafla kwa hofu ya damu kuganda, mwenye saratani mahali hapo, mwenye kidonda au ngozi isiyohisi, wote waiache. Vibandiko visiwekwe kifuani wala shingoni. Na tafadhali sana, asitokee fundi wa kijijini wa kuunga waya kwenye betri ya sola au jenereta akidhani umeme ni umeme. Kifaa cha tiba hupima mapigo kwa uangalifu mkubwa. Jenereta haipimi kitu, inaua.

Daktari akiridhika, anza hivi. Tafuta kiti imara kisichoteleza, kiegemeze ukutani, weka mto juu ili kiwe kirefu. Baba akae, aweke nyayo chini sawasawa, wewe simama mbele yake bila kumvuta. Ainuke kwa miguu yake mwenyewe, akishika mkono wako kidogo iwezekanavyo, asimame ahesabu mpaka tatu, aketi polepole. Kule kuketi polepole ndiko kwenye kazi kubwa, usimwachie ajitupe. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Akishika kifua au akitweta kupita kiasi, mwache apumzike, na ukiona yanarudia, mrudishe kwa daktari. Akizoea, toa mto. Kisha matembezi mpaka mlangoni, mpaka kwa jirani, mpaka mitumbwi inapolala. Chukua kipande cha mkaa, uandike ukutani kila jioni tarehe na idadi ya mara alizoinuka. Baada ya majuma nane uninakilie namba hizo kama zilivyo, hata kama hazikupanda, nizisome hapa hapa redioni.